Maswali ya Wasomaji: Soko la Vitabu na Mtunzi Mwenye Kipaji

SWALI: Shikamoo Maalim. Mimi ni mwanamke wa miaka 34, mkazi wa Makorora hapa Tanga, na kazi yangu ni ushonaji. Kwa miaka minne nimekuwa nikitunga utenzi wa wanawake wa Sahare wanaosubiri vyombo virudi kutoka baharini, nao umefika beti 412. Mwaka jana niliupeleka kwa mchapishaji mmoja wa Dar es Salaam. Baada ya miezi saba nilijibiwa kwamba tungo ni nzuri, lakini niupunguze hadi beti 120, niondoe maneno ya Kimrima ambayo wanafunzi wa bara hawatayaelewa, na mwishoni niongeze maswali ya mazoezi kwa ajili ya shule. Mjomba wangu, ambaye ndiye aliyenifunza vina na mizani, amekasirika sana. Anasema wazee wetu walitunga bila mchapishaji wala soko, na biashara ndiyo iliyoua vipaji. Mume wangu naye anasema kitabu kisichouzwa ni karatasi tu. Naomba unieleze: uchapishaji wa siku hizi na soko lake humsaidia mtu mwenye kipaji kikubwa, au humzuia? Nami nifanye nini? (M., Makorora, Tanga)

JIBU: Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara tatu, na zile beti kumi ulizoambatanisha nimezisoma kwa sauti barazani, mbele ya wazee wawili wanaoijua bahari hiyo kuliko mimi. Mmoja wao aliniomba nirudie ubeti wa sita. Kabla sijasema lolote kuhusu wachapishaji, nataka ujue kwamba ulichonacho mkononi ni kazi ya kweli, na ndiyo maana nakujibu kwa urefu kuliko kawaida ya safu hii.

Nianze na mjomba wako, kwa kuwa ndiye mwalimu wako. Ni kweli kwamba Mwana Kupona binti Mshamu, alipotunga utenzi wake mwaka 1858, hakumtungia mnunuzi. Alimtungia bintiye, mama mwenyewe akiwa mgonjwa, na hakuna mhariri aliyemwambia apunguze beti. Lakini Mwana Kupona alikuwa mjane wa Bwana Mataka, mtawala wa Siu, na nyumba yake ilikuwa na chakula, wino, karatasi na watu wa kunakili. Muyaka bin Haji wa Mombasa naye alitunga akiwa karibu na Mazrui waliokuwa wakiutawala mji. Wazee wetu hawakuwa na soko la vitabu, lakini kila mmoja alikuwa na mlango alioupitia, ama jamaa mwenye mali, ama mtawala, ama msikiti, na yule ambaye hakuwa na mlango hatumjui hata kwa jina. Mjomba anaposema tungo za wazee zimedumu, anazihesabu zile zilizodumu. Zilizooza hazihesabiki.

Nalijua jambo hili kwa macho yangu. Bibi yangu mzaa mama alikuwa na utenzi ulioandikwa kwa herufi za Kiarabu, ameufunga katika kipande cha kaniki na kuuweka kashani pamoja na karafuu ili wadudu wasiuguse. Kila baada ya Idi aliufungua na kuusoma kwa sauti, nasi watoto tukaitikia. Mwaka aliofariki, masika yalikuwa makubwa na paa la nyumba likavuja. Tulipolifungua kasha tulikuta kurasa zimeshikana, wino umekuwa doa moja la rangi ya zambarau, na kwa kutumia kisu chembamba tuliweza kubandua kurasa tatu tu. Jina la mtunzi lilikuwa katika ukurasa wa mwisho, nao haukubanduka. Kwa hiyo, mtu akiniambia kwamba kutochapishwa ni usafi wa sanaa, nalikumbuka kasha lile.

Utenzi mwingine wa kwetu ulikuwa na bahati zaidi. Hemedi bin Abdallah al-Buhriy alitunga habari za vita vya Wadachi, yaani Wajerumani, katika pwani hii, vita ambavyo Abushiri wa Pangani aliviongoza mwaka 1888 na 1889. Utenzi huo ulihifadhiwa katika miswada ya mkono hadi mtafiti Mwingereza J. W. T. Allen alipoutayarisha na Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki ikauchapisha mwaka 1955, yaani zaidi ya miaka 60 baada ya kutungwa. Kipaji cha Hemedi hakikuongezeka hata chembe siku kitabu kilipotoka. Kilichoongezeka ni idadi ya watu wanaoweza kukikuta.

Hapo nimemkubalia mumeo nusu ya neno lake. Nusu ya pili siikubali, nami nitaieleza kwa habari za mtu ambaye kila mwana wa Tanga anadhani anamjua.

Shaaban Robert alizaliwa Vibambani, nje kidogo ya mji wetu, tarehe 1 Januari 1909. Tangu mwaka 1926 alikuwa karani wa serikali, kwanza katika forodha, baadaye katika idara nyingine, na kazi hiyo ya mshahara aliifanya hadi karibu na mwisho wa maisha yake. Maana yake ni kwamba mtunzi mkuu kuliko wote wa nathari ya Kiswahili katika zama zake aliandika baada ya saa za kazi. Mashairi yake mengi ya mwanzo yalipita katika gazeti la Mambo Leo, ambalo liliwapa washairi wa nchi nzima ukurasa wa kukutana, na hilo ni jema ambalo uchapishaji ulimtendea. Lakini kwa upande wa vitabu, katika enzi zile za ukoloni, milango ilikuwa michache mno, hasa wachapishaji wa Uingereza walioangalia shule, na ofisi na kamati za serikali zilizoangalia lugha na maudhui. Kilichofaa darasani kilipita. Kusadikika ilitoka mwaka 1951 na Adili na Nduguze mwaka 1952, vitabu vyembamba ambavyo mwanafunzi anaweza kuvimaliza katika muhula. Lakini Kufikirika, aliyoiandika mwaka 1946, na Utenzi wa Vita vya Uhuru, alioutunga wakati Vita Vikuu vya Pili vikiendelea, vilitoka mwaka 1967. Mwenyewe alikuwa amefariki tangu mwaka 1962. Mtu yule alifika mahali pa kuchapisha baadhi ya vitabu vyake mwenyewe, hapa hapa Tanga, kwa fedha zake za ukarani. Jambo hili hunikera kila ninapolifikiria. Hakukosa kipaji, hakukosa bidii, na wasomaji hakuwakosa pia, kwa kuwa vitabu vile vilipotoka vilisomwa na vinaendelea kusomwa. Alikosa mlango wa pili wa kubisha pale wa kwanza ulipofungwa.

Kwa hiyo swali lako, mwanangu, mimi naligeuza kidogo. Badala ya kuuliza kama soko linakisaidia kipaji au linakizuia, uliza soko hilo lina wanunuzi wangapi, na wa aina ngapi. Sisi watu wa Tanga hatuhitaji kufundishwa hatari ya mnunuzi mmoja. Mkonge uliletwa mwaka 1893, ukalisha reli na bandari na kujenga nusu ya majumba ya mji huu, na bei yake ilipoanguka kwa sababu ya kamba za plastiki, mkoa mzima ulianguka nao, kwa sababu tulikuwa hatujapanda kitu kingine. Msanii mwenye mnunuzi mmoja yuko vivyo hivyo. Hata mfadhili wa zamani alikuwa mnunuzi mmoja, na malenga aliyemtegemea alijua ni maneno gani hayatamkiki mbele yake.

Mtazame Edward Saidi Tingatinga, ambaye kabla ya kwenda Dar es Salaam alipita kwetu huku kufanya kazi katika mashamba ya mkonge. Kuanzia mwaka 1968 alichora wanyama na ndege kwa rangi za mafuta za kung'aa juu ya vibao vya mraba, akawauzia wageni waliokaa upande wa Oysterbay, na mwaka 1972 akafariki kwa risasi ya polisi. Miaka minne tu, na katika miaka hiyo soko lilimpa nafasi ambayo hakuna chuo kilichompa. Wanafunzi na jamaa zake wameendeleza kazi hiyo hadi leo, wana ushirika wao, na familia nyingi zimesomesha watoto kwa brashi. Siwezi kulidharau jambo hilo. Ila mnunuzi wao mkubwa amebaki kuwa yule yule, mgeni anayepita na anayetaka kubeba twiga na machweo katika begi, na matokeo yake ni kwamba mchoraji kijana mwenye jicho lake mwenyewe hulazimika kuchora twiga wa jana. Nimewahi kusimama nyuma ya mmoja wao akichora chui bila ya kuangalia ubao, huku akizungumza nami. Mkono ulikuwa hodari ajabu, na jicho lilikuwa limestaafu.

Sasa linganisha na taarabu ya mji wetu. Katika miaka ya 1950 hadi 1970 vikundi kama Black Star na Lucky Star vilizaa taarabu ya namna mpya, yenye gitaa la umeme na besi badala ya okestra kubwa ya Unguja, na mapigo ambayo mtu anaweza kuyachezea. Nani alikuwa mnunuzi wao? Mama wa bibi harusi, ambaye alitaka maneno ya heshima yenye fumbo ndani yake. Wanachama wa klabu, ambao walitaka kukishinda kikundi cha mtaa wa pili. Redio, ambayo ilitaka sauti safi. Mfanyabiashara wa santuri, ambaye alitaka wimbo uishe ndani ya dakika chache kwa sababu upande mmoja wa sahani haubebi zaidi. Hakuna hata mmoja kati yao aliyeweza kuwaamuru peke yake, kwani akikataa mmoja, wengine walikuwapo. Ndipo mtunzi akapata uhuru wa kujaribu. Naamini kabisa kwamba Tanga isingezaa muziki ule kama vikundi vile vingemtegemea mfadhili mmoja tajiri, hata kama tajiri huyo angekuwa mpenzi mkubwa wa sanaa.

Na mambo si tofauti kwa wengine. Huyo Shakespeare anayetajwa kila mahali penye neno kipaji alikuwa mwanahisa wa kundi la maigizo, akiwaandikia waliolipa peni moja kusimama uwanjani na waliomo katika kasri ya mfalme, jioni tofauti lakini tamthilia ile ile. Jukwaa ndilo lililomlisha. Ila mwaka 1623, miaka saba baada ya kifo chake, waigizaji wenzake wawili walikusanya tamthilia 36 katika kitabu kimoja, na nusu yake, pamoja na Macbeth, zilikuwa hazijawahi kuchapishwa. Soko la jukwaa lilizifanya zitungwe, na mtambo wa chapa ukazifanya zibaki.

Tuje kwenye barua uliyojibiwa. Wiki iliyopita nilikwenda katika kiwanda kidogo cha uchapaji hapa mjini na kumwomba fundi anionyeshe hesabu. Alinionyesha pleti ya alumini, nyembamba kama kifuniko cha sufuria, akaniambia: hii nikiitengeneza, gharama yake ni ile ile uchape nakala 100 au 5,000. Kupanga kurasa, kuhariri, jalada, vyote ni hivyo hivyo. Ndiyo sababu nakala chache hugharimu sana kila moja, na mchapishaji hutafuta mahali ambapo nakala nyingi zitaondoka kwa mkupuo. Hapa nchini mahali hapo ni shule. Tuseme, kwa mfano tu, kitabu chako kinauzwa shilingi 10,000 na mrabaha wako ni asilimia 10: nakala 1,000 zikiuzwa zote, wewe unapata shilingi milioni moja kwa kazi ya miaka minne, naye mchapishaji pengine amerudisha gharama zake tu. Kitabu kikiingia shuleni hesabu inabadilika kabisa. Kwa hiyo aliyekuandikia si adui wa ushairi. Ni mtu mwenye mnunuzi mmoja, na anakuomba nawe uwe na mnunuzi huyo huyo.

Ushauri wangu ni huu. Usikatae na usikubali kama ulivyoombwa. Mwandikie kwamba uko tayari kumpa sehemu ya utenzi, beti 120 zinazosimama zenyewe kama kisa, kwa ajili ya shule, na maswali ya mazoezi aandike mwalimu. Maneno ya Kimrima yabaki, na wewe utamtayarishia sherehe, yaani orodha ya maneno na maana zake, mwishoni. Mwanafunzi wa Singida ana akili ya kutosha kujifunza neno la wavuvi wa Sahare, kama wewe ulivyojifunza maneno ya bara kutoka katika vitabu vyako vya shule. Haki ya utenzi mzima ibaki kwako, na iandikwe hivyo katika mkataba. Sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999 inakulinda tangu ulipoandika, na ulinzi huo unadumu maisha yako yote na miaka 50 baada yake. Hata hivyo, ukiisajili kazi katika Ofisi ya Hakimiliki utakuwa na ushahidi mkononi. Weka pia kifungu kwamba kitabu kisipotoka ndani ya muda mliokubaliana, haki zinarudi kwako. Mswada wangu wa kwanza ulikaa kwa mchapishaji mmoja miaka sita kwa sababu sikujua kudai kifungu hicho.

Kisha fungua milango mingine. Utenzi ni wa kughanwa, nawe una mjomba mwenye sauti: rekodini beti zote 412, hata kwa simu katika chumba chenye mapazia mazito, na mzipeleke kwenye redio za hapa mkoani. Ipo Tuzo ya Kitaifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, iliyoanzishwa mwaka 2022, na ipo Tuzo ya Safal-Cornell ya fasihi ya Kiafrika kwa Kiswahili. Zote mbili hupokea ushairi, na mwamuzi wa tuzo hatafuti kitabu cha muhula. Utenzi kamili unaweza kuchapishwa hapa hapa kwa nakala 200, ukauzwa katika maharusi na maulidi, na nakala moja ukaipeleka Maktaba ya Mkoa ili isikae kashani.

SWALI: Maalim, mbona inasemwa kwamba kipaji cha kweli hakizuiliki, kitafika tu? (Msomaji, Bagamoyo)

JIBU: Inasemwa na waliofika. Allen niliyemtaja hapo juu alizunguka pwani hii akikusanya miswada kutoka katika majumba ya watu, na mingi leo imo katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kila mswada aliokabidhiwa ulikuwa umebaki kwa sababu kuna mtu, mara nyingi mwanamke wa nyumbani, aliyeona unafaa kutunzwa. Asingekuwapo mtu huyo, kipaji cha mtunzi kisingesaidia kitu.

SWALI: Mimi ni kijana wa Pangani, nauza hadithi zangu kwa sehemu katika kundi la WhatsApp, watu wanalipa kwa simu kabla ya kila sehemu. Nilimuua mhusika mmoja katika sehemu ya 19 na wasomaji karibu nusu wakatishia kuacha kulipa mpaka nimrudishe. Je, nikikubali nitakuwa nimekiuza kipaji changu? (R., Pangani)

JIBU: Mwanangu, hukuanza wewe. Arthur Conan Doyle wa Uingereza alimuua Sherlock Holmes mwaka 1893 kwa sababu alikuwa amemchoka, wasomaji wakalalamika kwa miaka, na mwaka 1903 akaanza kuandika hadithi za kumrudisha akiwa hai. Kati ya hadithi za baada ya kurudi zipo nzuri sana. Kwa hiyo kumsikiliza msomaji si dhambi, na wewe unacho kitu ambacho Shaaban Robert hakuwa nacho: unajua siku ile ile ni nani amesoma na amesema nini, na hakuna kamati iliyokaa katikati.

Ninachokihofia ni hicho cha kulipwa kabla ya kila sehemu, maana kinakufanya uandike Jumanne kwa ajili ya chakula cha Jumatano, na hadithi inapoteza mwisho wake kwa kuogopa kuisha. Waeleze wasomaji wako kwamba unasimama kwa wiki tatu. Andika hadi mwisho, mhusika yule akiwa amekufa kama ulivyoona wewe, kisha mpe mtu mmoja unayemwamini asome yote kwa mfululizo. Kama naye atasema kifo kile kimekuja bure, mrudishe bila ya aibu. Kama atakuambia alilia, tuma sehemu ya 20 ikiwa na maziko yake, na uniandikie ni wangapi waliobaki katika kundi.